Kuunda Mashua Ndogo Nyumbani kwa Plaiwudi na Nyuzi za Kioo

Maneno ya mazungumzo kwa wakaao kando ya ziwa, Homa Bay na Migori



Mtu apitaye asubuhi katika fuo za Ziwa Viktoria, tangu Kendu Bay na Homa Bay, kupita Mbita na Sindo, hata Sori katika ghuba ya Karungu na Muhuru karibu na mpaka wa Tanzania, ataona jambo moja ambalo wenyeji wamelizoea mno hata hawalioni tena. Katika mashua nyingi zirudizo kutoka kuvua yumo mtu mmoja asiyeshika kasia wala wavu. Ameinama, ana kopo mkononi, na kazi yake tangu jioni hata alfajiri ni kuteka maji yaingiayo kati ya mbao na kuyarudisha ziwani. Akisinzia, chombo huzidi kuwa kizito. Mawimbi yakiwa madogo, wenziwe watamgombeza tu. Yakiwa makubwa, huenda pasiwe na nafasi ya kugombezana.

Mazungumzo haya yahusu mashua isiyohitaji mtu wa kopo: mashua ndogo, urefu wake futi 15 hivi, ambayo mtu mwenye msumeno, keekee na subira aweza kuiunda uani kwake kwa plaiwudi, waya wa shaba, na nyuzi za kioo zilizoloweshwa gundi. Yahusu pia swali ambalo waundaji wengi wa nyumbani hulisahau kwa furaha ya kumaliza kazi, nalo ni hili: mashua ikijaa maji, je, itaelea?

Yafaa kwanza kujua kwa nini mashua za siku zote huvuja. Mashua ya kawaida ya ziwani, ambayo Wajaluo huiita yie, huundwa kwa mbao ndefu zilizopigiliwa misumari juu ya mataruma. Kati ya ubao na ubao pana ufa, na ufa huo huzibwa kwa pamba, kisha hufunikwa kwa vipande vyembamba vya bati. Zamani mbao hizo zilikuwa za mvule, mti mgumu usiooza upesi. Lakini mvule hukua polepole na watu wana haraka. Miti mikubwa imekwisha kukatwa katika sehemu nyingi, na mafundi wengi siku hizi hutumia mbao nyepesi kama saiprasi, pengine zingali mbichi. Ubao mbichi ukipigwa na jua ufuoni hunywea, ufa hupanuka, msumari hulegea katika tundu lake, na pamba hutoka. Mashua ikirudi majini ubao huvimba tena. Hivyo chombo kizima hufanya kazi ya kupanuka na kunywea kila siku, kama mvukuto wa mhunzi, hata viungo vyake vichoke. Fundi asilaumiwe kwa jambo hilo, maana ndiyo tabia ya mbao.

Tena maji ya ziwa ni maji baridi. Waunda majahazi wa Lamu na Mombasa wana adui zao, hasa wadudu wa baharini watobozao mbao, lakini wana rafiki mmoja mkubwa ambaye mtu wa Homa Bay hana, naye ni chumvi. Chumvi huhifadhi mbao kama ihifadhivyo ng'onda. Maji ya ziwa, na hasa maji ya mvua yatuamayo ndani ya mashua iliyoachwa wazi ufuoni, huozesha. Mtu akichukua shauri la mtu wa pwani na kulitumia ziwani bila kulipima, ataona mbao zake zimekuwa laini kama mkate katika muda usiotazamiwa.

Msikilizaji huenda akadhani kwamba habari ya kushona mashua ni ubunifu wa kigeni uliokuja juzi. Sivyo hata kidogo. Watu wa visiwa vya Sese, upande wa Uganda, waliunda mitumbwi mikubwa isiyokuwa na hata msumari mmoja. Mkuku ulichongwa katika gogo moja, na mbao za ubavuni zikashonwa juu yake kwa nyuzi za mimea. Omo lake lilitokeza mbele kama shingo, na mara nyingi juu yake ziliwekwa pembe za mnyama. Msafiri Stanley alipofika kwa Kabaka Mutesa mwaka wa 1875 aliona mitumbwi ya namna hiyo ikichukua askari kwa mamia. Huku pwani, mtepe wa Lamu ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, ukavuka bahari kwa tanga la mkeka, na mitepe ya mwisho ilikoma kusafiri mwanzoni mwa karne ya 20. Misumari ilipokuwa rahisi madukani, sindano iliwekwa kando na ufundi ule ukasahauliwa.

Sindano hiyo iliokotwa tena Uingereza. Mwalimu wa shule aitwaye Ken Littledyke alianza kuunda mitumbwi midogo ya michezo kwa kushona vipande vya plaiwudi kwa waya wa shaba na kuziba mishono kwa utepe wa nyuzi za kioo na gundi. Kisha gazeti moja la London, Daily Mirror, likataka mashua ambayo msomaji wa kawaida, asiye fundi wala tajiri, angeweza kuiunda nyumbani kwake. Kazi hiyo walipewa watu wawili. Mmoja alikuwa Jack Holt, mchoraji wa mashua. Wa pili alikuwa Barry Bucknell, aliyejulikana sana kwa kuwafundisha watu katika televisheni jinsi ya kutengeneza nyumba zao wenyewe. Mashua yao ilionyeshwa mwaka wa 1963, ikaitwa Mirror kwa jina la gazeti. Urefu wake ulikuwa futi 10 na inchi 10, matanga yake mekundu, na bei ya vipande vyote katika sanduku ilikuwa pauni 63 na shilingi 11. Tangu hapo zimeundwa zaidi ya 70,000, na nyingi katika hizo zilishonwa na watu ambao hawakuwa wamepata kuunda hata kiti.

Basi hapa kando ya ziwa, nani afaidike na chombo kama hicho? Si mvuvi wa mbuta aendaye mbali kuelekea Migingo. Jambo hili lisemwe waziwazi mapema, kabla mtu hajauza ng'ombe. Ziwa Viktoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, na katikati yake hali ya hewa si ile ya ghubani. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka, ukatoka nchi kavu pande zote kwenda ziwani. Pepo hizo zikutanapo huinua mawingu, na ndiyo sababu tufani za radi hupenda kuja usiku na alfajiri, saa zile zile wavuvi wamo majini. Mashua ya futi 15 yenye tako bapa haikuumbwa kwa vita hivyo.

Kazi yake ni ndani ya ghuba: kutega ndoana na nyavu chache za ngege karibu na nchi kavu, kuhudumia vizimba vya kufugia samaki ambavyo vimeongezeka katika maji ya Homa Bay, kuvuka kwenda sokoni. Kwa kuwa ni nyepesi, watu wanne waweza kuinyanyua na kuipitisha juu ya gugu-maji lizibapo njia, jambo ambalo watu wa Kendu Bay na Homa Bay wamelijua kwa taabu tangu miaka ya 1990.

Tena iko faida nyingine, ambayo si desturi kuitaja katika mazungumzo ya ufundi. Wanawake wengi wanunuao samaki ufuoni hawana chombo. Samaki wakiwa haba, mwenye mashua ndiye aamuaye nani apewe, na katika fuo nyingi imezuka ile desturi ya jaboya, ambayo mwanamke hutakiwa atoe zaidi ya fedha ili apate samaki. Ugonjwa wa UKIMWI umeenea kwa njia hiyo, na watoto wameachwa yatima. Mwaka wa 2011 wanawake wa ufuo wa Nduru, jirani na mpaka wa Homa Bay, walianza kupata mashua zao wenyewe kwa msaada wa wafadhili, wakawaajiri wanaume kuvua, wakajiuzia samaki wao. Lilikuwa jambo la heshima. Lakini mashua za mbao huchakaa, na apewaye mashua bila kupewa maarifa ya kuitengeneza atarudi kwa mfadhili au kwa mwenye mashua. Kikundi cha wanawake kijuacho kuziba mshono kwa mikono yao kimo katika hali nyingine.

Sasa tuje kwenye vifaa. Plaiwudi ni tabaka nyembamba za mbao zilizogundishwa, kila tabaka nyuzi zake zikipingana na za mwenziwe. Kwa sababu hiyo haipasuki kama ubao, wala haivimbi na kunywea kama ubao. Walakini nguvu yake yote imo katika gundi iliyo kati ya tabaka, na gundi hiyo haionekani. Plaiwudi ya dari na plaiwudi ya mashua zaweza kufanana kama pacha dukani. Iko plaiwudi iliyotengenezwa kwa ajili ya vyombo vya majini kufuata kanuni ya Kiingereza iitwayo BS 1088. Hiyo ndiyo bora, lakini ni ghali na haipatikani katika kila mji.

Hapa mnunuzi ajihadhari na jina. Katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi nchini Kenya, akiuliza plaiwudi ya "marine", ataonyeshwa ubao mnene wenye ngozi nyeusi au ya kahawia inayong'aa, ambao wajenzi hutumia kumwagia zege. Ubao huo una gundi nzuri isiyoogopa maji, lakini mara nyingi ni mnene na mzito mno, hauwezi kukunjwa kufuata umbo la mashua, na ngozi yake haishiki gundi mpaka ikwanguliwe yote kwa msasa. Haukutengenezwa kwa ajili ya mashua, jina lake liwe lo lote.

Njia ya kuaminika ni sufuria. Mnunuzi aombe kipande kidogo, upana wa vidole vinne, kabla ya kulipa. Akichemshe saa nne, akikaushe siku nzima, akichemshe tena, kisha aingize ncha ya kisu kati ya tabaka na kujaribu kuzibandua. Zikiachana kama kurasa za kitabu kilicholoa, plaiwudi hiyo ni ya dari. Mbao zikichanika kabla gundi haijaachia, hiyo yafaa. Tena atazame ukingo wa ubao dhidi ya mwanga: akiona matundu meusi katika tabaka za ndani, ajue kwamba palikosekana kipande, na pengo hilo litakuwa nyumba ya maji. Mwenye duka asiyependa kutoa kipande cha kuchemsha amekwisha kujibu swali.

Kwa mashua ya futi 15 zatosha mbao sita za futi 8 kwa 4: mbili za milimita 6 kwa ubavu, mbili za milimita 9 kwa tako, na mbili za milimita 6 kwa viti, taruma na masanduku ya hewa. Mabaki ya milimita 9 hutumika katika tezi.

Gundi nayo ni ya namna mbili. Ile ya poliesta hupatikana kwa mafundi wa matangi na wa mabodi ya magari, na bei yake ni nafuu. Kasoro yake ni kwamba haishiki mbao kwa moyo. Hushika juu juu, na baada ya misimu michache, maji yakipenya chini yake, ngozi nzima yaweza kubanduka kama ganda la yai lililochemshwa. Ile ya epoksi ni ghali zaidi, lakini huingia katika mbao na haiachii. Mwenye fedha chache afanye hivi: mishono yote, ambayo ndiyo uhai wa mashua, iwe ya epoksi, na afanye uchumi wake katika rangi na viti. Mashua hii hunywa epoksi lita 10 hivi, utepe wa nyuzi za kioo wenye upana wa inchi 3 mita 50, na kitambaa cha kioo cha kufunika tako. Kitambaa kiwe kilichofumwa. Ile blanketi ya nyuzi zilizokatwakatwa, wanayotumia mafundi wa poliesta, imeshikamanishwa kwa dawa ambayo epoksi haiwezi kuiyeyusha. Itabaki ngumu na kuinuka pembeni kama mkeka mbovu.

Kazi huanza kwa ubavu. Mbao mbili za milimita 6 hupasuliwa katikati kwa urefu, zikatoka vipande vinne vya futi 8 kwa 2. Viwili viwili huunganishwa ncha kwa ncha, na nyuma ya kiungo hugundishwa kiraka cha plaiwudi cha upana wa inchi 6. Sasa pana mbao mbili za futi 16. Zilazwe moja juu ya nyingine na zikatwe pamoja, ili ziwe pacha kweli. Mwunda mashua akate kila upande peke yake kwa kupima, na mashua yake itakwenda upande upande kama kaa.

Upande wa omo mbao hizo mbili hushonwa pamoja. Katikati hutiwa taruma moja, upana wake futi tatu na nusu chini na futi nne na nusu juu, nazo hupinda zenyewe kulizunguka. Nyuma hushonwa kwenye ubao wa tezi, ambao uwe wa tabaka mbili za plaiwudi ikiwa utabeba mashine. Hapa ndipo mtu aonapo kwa mara ya kwanza kwamba anaunda mashua, wala si sanduku, na aghalabu ndipo majirani huanza kuja. Kabla ya kuendelea afunge uzi kutoka ncha ya omo hata kila pembe ya tezi, apime, na asukume mpaka nyuzi mbili ziwe sawasawa. Kisha aigeuze mashua kifudifudi, alaze juu yake mbao za tako zilizounganishwa, apitishe penseli kuzunguka ukingo na kukata alipochora. Hakuna hesabu inayotakiwa.

Matundu ya kushonea hutobolewa kwa keekee kila baada ya inchi 6, nusu inchi kutoka ukingoni. Waya wa shaba uliochunwa katika nyaya kuukuu za umeme wafaa sana. Kila mshono husokotwa kwa koleo upande wa nje, kwanza kwa ulegevu, na kukazwa kidogo kidogo kuzunguka mashua yote, kama mtu akazavyo nati za gurudumu. Mishono ikikaza, ndani hupakwa uji mzito wa epoksi iliyochanganywa na unga laini wa mbao, mzito kama siagi ya karanga, na kulainishwa katika pembe kwa mgongo wa kijiko. Kabla haujakauka, utepe wa kioo hulazwa juu yake na kuloweshwa gundi mpaka ugeuke kuwa angavu kama maji. Penye weupe pana hewa, na penye hewa hapana nguvu. Siku ya pili mashua hugeuzwa, waya hukatwa, pembe ya nje huviringishwa kwa randa, utepe hupakwa nje, na tako lote hufunikwa kwa kitambaa. Mkuku mdogo wa ubao hugundishwa chini yake, ili chombo kisiteleze upande upepo ukipiga, na ili mawe ya ufuoni yale mkuku badala ya kula tako.

Katika hali ya joto la Homa Bay gundi huwaka upesi. Kopo lililojaa laweza kuchemka na kutoa moshi mkononi kabla nusu yake haijatumika. Kwa hiyo ichanganywe kidogo kidogo, imiminwe katika chombo bapa ili ipoe, na kazi ifanywe asubuhi na mapema au jioni, chini ya kivuli chenye upepo, kamwe si ndani ya chumba wanamolala watu. Glavu zisikosekane. Epoksi huwadhuru watu wengine kwa upele, na upele huo ukiisha kuanza, mtu hataweza kuigusa tena maisha yake. Wanaotumia poliesta wana hatari kubwa zaidi: kigumishi chake hupofusha jicho kwa tone moja, na kikichanganywa peke yake na ile dawa ya zambarau ya kuharakisha, iitwayo kobalti, hulipuka. Dawa hizo mbili zisikutane ila ndani ya gundi yenyewe, moja baada ya nyingine. Makopo matupu yasipewe watoto, wala yasisuuzwe mahali panapotekwa maji ya kunywa.

Rangi ni jambo jepesi, ila lisiachwe. Jua huila epoksi kuliko maji yanavyoweza kuila, na mashua isiyopakwa huanza kuwa na vumbi jeupe kama chaki. Rangi ya mafuta ya madirisha yatosha. Kila tundu la skrubu lilishwe gundi kwanza, maana ukingo wa plaiwudi hunywa maji kama utambi unywavyo mafuta.

Sasa turudi kwenye swali lililoulizwa mwanzo. Mashua hii haivuji, na huo ndio mtego wake. Mtu aliyezoea kopo huona chombo kikavu siku thelathini, akaanza kukiamini kuliko kinavyostahili. Siku ya thelathini na moja wimbi moja huingia kwa juu. Plaiwudi huelea, ni kweli. Lakini plaiwudi iliyobeba mashine, nyavu zilizolowa na watu watatu haina nguvu ya kutosha kuwaweka juu ya maji.

Dawa yake haigharimu hata sehemu ya bei ya gundi. Lita moja ya hewa iliyofungiwa chini ya maji huinua kilo moja hivi. Jerikani ya lita 20, iliyofungwa kifuniko barabara, huinua karibu kilo 20. Jerikani kumi huinua kilo 200. Ziwekwe chini ya kiti cha omo, chini ya kiti cha tezi, na zilizobaki kandokando ya ubavu, juu karibu na ukingo. Zisilazwe katika tako. Hewa ikiwa chini na uzito ukiwa juu, mashua iliyojaa maji hupinduka na kuwatupa watu; hewa ikiwa pembeni na juu, hukaa wima, ingawa imejaa, na watu wakaweza kukaa ndani yake na kungojea msaada. Zifungwe kwa kamba imara na vipande vya wavu kuukuu, kwa sababu kitu kieleacho hutumia nguvu zake zote kutoka. Wengine hutengeneza masanduku ya plaiwudi yaliyozibwa. Hayo ni mazuri kwa macho, lakini sanduku lenye ufa usioonekana hujaa maji kimya kimya na kuoza, hali jerikani huweza kutolewa, kutikiswa sikioni na kurudishwa.

Mashine, ikiwapo, isizidi nguvu za farasi 8. Vijana hawatalipenda neno hili.

Mashua ikiisha, mwenyewe aende kwa kamati ya ufuo wake, iitwayo BMU, na kwa ofisi ya uvuvi, kwa kuwa sheria ya uvuvi ya mwaka wa 2016 yataka kila chombo cha kuvulia kiandikishwe. Usalama wa vyombo vidogo unasimamiwa na Kenya Maritime Authority, iliyoanzishwa mwaka wa 2004, na kila apandaye awe na jaketi lake la kuokolea, si moja la kuonyeshwa mkaguzi.

Lakini kabla ya kwenda kwa mkaguzi, mashua ikaguliwe na maji yenyewe. Siku ya utulivu isukumwe mahali ambapo maji yafika kiunoni. Mashine iondolewe, na mahali pake tezini ufungwe mzigo wa mawe wenye uzito ule ule. Watu watatu wakae ndani wakiwa wamevaa majaketi, wengine wawili wasimame nje, na ndoo zianze kazi, safari hii zikiingiza maji badala ya kuyatoa, mpaka maji ya ndani yawe sawa na ya nje. Watu watikise mashua kulia na kushoto. Ikizama au ikipinduka, hapana aliyepoteza kitu ila asubuhi moja. Jerikani ziongezwe, au zipandishwe juu zaidi, na jaribio lirudiwe. Ikikaa wima, kingo zake zikichungulia juu ya maji na watu watatu wameketi ndani yake hali wameloa hata kifuani, basi itolewe maji, ikaushwe kivulini siku mbili, na ubavuni iandikwe jina lake na nambari.